Je, wajua kwa nini binti aliyekuwa anauza maji stesheni alizikwa makaburi ya mashujaa Ufilipino?

Tarehe 22 Aprili 2025 Ufilipino walimzika kwa heshima za kijeshi mwanamke ambaye hajawahi kuwa askari wala rais. Anaitwa Nora Aunor, muigizaji na muimbaji, alifariki tarehe 16 mwezi huohuo akiwa na miaka 71, na akalazwa Libingan ng mga Bayani, yaani makaburi ya mashujaa yaliyopo Taguig, Metro Manila, wanapolala wanajeshi na marais wa nchi ile. Sisi wengi huku tunawajua Wafilipino kwa zile tamthilia za jioni tu, kwahiyo swali linakuja lenyewe, muigizaji wa sinema anafikaje pale?

Jibu fupi ni kwamba ni haki yake kisheria. Tangu 1972 Ufilipino wana cheo cha Msanii wa Taifa, na ukishapewa unapata posho ya maisha, msaada wa matibabu, na siku ukifariki serikali inagharamia mazishi ya kitaifa na unaruhusiwa kuzikwa kwa mashujaa. Nora alipewa cheo hicho Juni 2022. Lakini ukiishia hapo hujaelewa kitu, maana wale watu waliopanga foleni kumuaga hawakuja kwa ajili ya cheo, walimpenda miaka zaidi ya hamsini kabla serikali haijakubali.

Turudi nyuma kidogo. Nora alizaliwa 1953 Iriga, mkoa wa Camarines Sur, kwenye familia maskini kabisa, na alipokuwa mdogo alikuwa anauza maji ya kunywa kwa abiria pale stesheni ya treni. Sauti ndiyo iliyomtoa, akaenda kushindana kwenye Tawag ng Tanghalan, shindano kubwa la kuimba enzi hizo, akawa bingwa na akaingia kwenye sinema akiwa bado kigoli. Sasa sikiliza, sinema ya Ufilipino wakati ule ilikuwa na sura yake maalum, mrembo lazima awe mweupe, mrefu, pua imechongoka, damu ya Kihispania au Kimarekani ionekane. Hata Gloria Romero, malkia wa sinema wa miaka ya 50 aliyefariki Januari 2025, alizaliwa Marekani na mama yake alikuwa Mmarekani (na alikuwa muigizaji mzuri mno, simtoi hata kidogo). Halafu akatokea huyu binti mfupi, mweusi wa kahawia kama mamilioni ya wasichana wa nchi yake, na watu wakapagawa.

Kupagawa kweli yaani. Alipounganishwa na muigizaji mwenzake Tirso Cruz III kama wapenzi wa kwenye filamu, Tirso akampa mdoli, mdoli ukapewa jina, Maria Leonora Theresa, na mashabiki wakauchukulia kama mtoto wa wale wawili. Wafanyakazi wa ndani, wauza sokoni, wasichana wa viwandani, hao ndio waliokuwa jeshi lake na wakajiita Noranians. Mimi naamini hapa ndipo jibu lenyewe lilipo, hawa watu walikuwa hawajawahi kujiona kwenye skrini kama mtu anayestahili kupendwa, kama ni maskini na mweusi basi alikuwa mtu wa kuchekesha au wa kubeba mizigo, na ghafla sura yao ndiyo sura ya staa.

Angeweza kukaa hapo akala pesa za filamu za mapenzi na nyimbo, ila hakukaa. 1976, nchi ikiwa chini ya sheria ya kijeshi ya Rais Ferdinand Marcos, kampuni yake mwenyewe ilitoa Tatlong Taong Walang Diyos ya muongozaji Mario O'Hara, hadithi ya mwalimu wa kijijini wakati wa uvamizi wa Wajapani, na mwaka huohuo akacheza Minsa'y Isang Gamu-gamo, nesi anayeota kwenda Marekani mpaka mwanajeshi wa kambi ya Marekani iliyokuwa palepale Ufilipino anampiga risasi mdogo wake na kudai alidhani ni nguruwe pori. 1980 ikaja Bona ya muongozaji Lino Brocka, msichana anayeacha kwao kumtumikia muigizaji mdogomdogo asiye na shukrani mpaka uvumilivu unamwisha. Halafu 1982 ndiyo ikaja Himala.

Himala imeongozwa na Ishmael Bernal na kuandikwa na Ricky Lee, ilirekodiwa mkoa wa Ilocos Norte kwenye ukame na vumbi. Nora ni Elsa, binti anayesema amemuona Bikira Maria, kijiji kinageuka sehemu ya hija, wagonjwa wanamiminika, na biashara, na ukahaba, na vifo. Mwisho anasimama mbele ya umati wa maelfu ya watu anawaambia hakuna muujiza, miujiza iko ndani ya mioyo ya watu, na anapigwa risasi palepale. Kwenye filamu nzima ukiangalia haongei sana, macho ndiyo yanafanya kazi, na hilo ndilo Wafilipino wenyewe wanalolitaja kwanza wakimzungumzia Nora, macho yake. Filamu ilishindania tuzo kwenye tamasha la filamu la Berlin 1983, na 2008 watazamaji waliipigia kura kwenye tuzo za CNN na Asia Pacific Screen Awards kuwa filamu bora ya wakati wote ya eneo la Asia-Pasifiki.

Kuna moja inatugusa sisi moja kwa moja. Machi 1995 Singapore ilimnyonga Flor Contemplacion, mfanyakazi wa ndani kutoka Ufilipino aliyehukumiwa kwa mauaji, na nchi nzima ikawaka hasira kwa sababu wengi waliamini hakuwa na hatia na kwamba serikali yao haikumtetea. Mwaka huohuo Nora akamcheza Flor kwenye filamu, na tamasha la filamu la Cairo wakampa tuzo ya muigizaji bora wa kike. Wewe uliye na dada Riyadh au Muscat anafanya kazi za nyumbani huhitaji kuelezwa kwa nini watu walilia ukumbini.

Sasa kama ni hivyo mbona serikali ilichelewa? Siasa. 2014 majopo ya wataalamu yalimpitisha awe Msanii wa Taifa, Rais Benigno Aquino III akakata jina lake kwa sababu ya kesi ya dawa za kulevya iliyotokea Los Angeles 2005, kesi ambayo ilikuwa imeshafutwa. 2018 akarukwa tena. Kwa maoni yangu ile ilikuwa dhulma, kile cheo ni cha sanaa siyo cha utakatifu, na alipokuja kupewa alikuwa mtu mzima wa miaka 69.

Na hakuwa wa kwanza kukwama kwenye siasa. Fernando Poe Jr., yule wanayemuita Da King, aliacha shule baada ya baba yake kufariki 1951 akaenda kutafuta riziki kwenye sinema, akawa mfalme wa filamu za ngumi na bastola, kila mara akicheza mtu mpole wa chini anayevumilia mpaka basi. 2004 akagombea urais dhidi ya Gloria Macapagal-Arroyo akatangazwa kushindwa kwa kura milioni 1 na ushee, na Desemba hiyohiyo kiharusi kikamuua akiwa na miaka 65. 2006 Arroyo huyohuyo akamtangaza Msanii wa Taifa, familia ikakataa kupokea, mjane wake Susan Roces, naye staa mkubwa aliyefariki Mei 2022, alikuwa amemshutumu Arroyo hadharani kwamba aliiba urais. Wakasubiri mpaka 2012 rais mwingine alipothibitisha. Da King yeye amezikwa Manila North Cemetery, siyo kwa mashujaa. Na Dolphy, mfalme wa vichekesho aliyeuza karanga kwenye majumba ya sinema utotoni, alifariki 2012 bila kupewa cheo hicho licha ya kelele zote za wananchi.

Eddie Garcia, muigizaji mkongwe, alikumbukwa kwa njia tofauti na mimi naiheshimu sana. Juni 2019, ana miaka 90, alijikwaa kwenye waya wakati wanarekodi tamthilia mtaani Tondo, Manila, akaanguka, shingo ikavunjika, na siku chache baadae akafariki. Waigizaji wenzake hawakunyamaza, wakadai sheria, na 2024 ikapita kwa jina lake, inaweka kikomo cha saa za kazi na kulazimisha usalama kwenye maeneo ya kurekodi. Kijana anayebeba taa leo Manila analindwa na jina la Eddie Garcia.

Kwa Nora kilichobaki ni filamu zenyewe, na hapo kuna kazi maana filamu nyingi za zamani za Ufilipino zimeoza kwa joto na unyevu au zimepotea kabisa. Himala ilikarabatiwa 2012. Bona ilipona kwa sababu negativu zake, yaani mikanda ya asili, zilikuwa zimehifadhiwa Ufaransa, ikasafishwa na kuoneshwa kwenye tamasha la filamu la Cannes Mei 2024, mwaka mmoja kasoro kabla hajafariki. Anza na Himala, halafu Bona, na kama una ndugu Ughaibuni basi itazameni pamoja ile ya Flor.