Kusawazisha Faili Si Kuhifadhi Nakala

Mwezi uliopita nililetewa tena kompyuta ambayo mwenyewe alikuwa na hakika kwamba hata ikifa, hatapoteza kitu. "Fundi, wewe badilisha diski tu, picha zangu zote ziko kwenye wingu," aliniambia, tukafungua akaunti yake pamoja. Folda ilikuwepo na jina lake, ila ndani hamkuwa na picha hata moja. Miezi miwili kabla, mwanawe alizifuta kwenye simu ili apate nafasi, na programu ya kusawazisha ikatimiza kazi yake barabara: ikazifuta kwenye wingu, kisha ikazifuta kwenye kompyuta. Pipa la taka la huduma hiyo hutunza vitu kwa siku 30 tu. Dada yule alibaki akiifungua na kuifunga folda ileile, nami sikuwa na la kumwambia.

Imani hii, kwamba kusawazisha faili ni sawa na kuhifadhi nakala, nimekutana nayo mara nyingi mno, na inaniuma kwa sababu wanaoishika ni watu waangalifu, waliokwisha kulipia huduma na kudhani wamemaliza. Kazi ya kusawazisha ni kufanya mahali pawili pafanane saa zote, kosa likiwemo. Nakala rudufu, kinyume chake, ina thamani kwa sababu haifanani na kompyuta yako ya leo, bali inafanana na ilivyokuwa jana, juzi au miezi mitatu iliyopita. Zipo huduma za wingu zinazotunza matoleo ya zamani ya kila faili, na hilo ni jambo jema, lakini waraka unaweza kuharibika Januari na ukaja kuufungua Juni, wakati toleo zima limekwisha kuondolewa. Ndiyo maana swali langu la kwanza kuhusu njia yoyote haliwi ina gigabaiti ngapi, bali inaweza kunirudisha nyuma siku ngapi.

Diski mbili zinazoakisiana ndani ya kompyuta moja zina kasoro hiyohiyo: zinakuokoa diski moja ikifa, basi. Na diski ya nje inayobaki imechomekwa mwaka mzima haiko salama pia. Virusi vya WannaCry, vilivyoenea duniani Mei 2017, vilifunga faili zisifunguke ili mwenyewe alipe kikombozi, vikazifikia hata zile za diski zilizochomekwa, na kufuta nakala za ndani ambazo Windows hujitunzia.

Kanuni ya 3-2-1, iliyoenezwa na mpiga picha Peter Krogh, inajulikana: nakala tatu, vyombo vya aina mbili, moja ikae nje ya nyumba. Kwa nyumbani mimi huchagua diski mbili za nje zinazopokezana, moja ikilala kwa ndugu au kazini, pamoja na programu inayotunza matoleo. Kwa nakala itakayokaa kabatini miaka, chukua diski ya kuzunguka, kwa kuwa SSD (diski isiyo na sehemu inayozunguka) isiyopata umeme kwa muda mrefu hupoteza chaji inayobeba data. Diski ikiwa imepangwa kwa FAT32, mfumo wa zamani wa kupanga faili, badilisha mfumo huo kabla ya kuanza, la sivyo video inayozidi gigabaiti 4 itakataa kuingia. Wingu liwe nyongeza, na upige hesabu kwanza: gigabaiti 500 kwa kasi ya kupakia ya megabiti 5 kwa sekunde huchukua zaidi ya siku 9 bila kupumzika.

Kisha jaribu kurejesha. Kila mwezi chagua folda moja, irejeshe kwenye kompyuta nyingine, na uifungue picha yenyewe hadi uone sura za watu, kwa maana jina la faili huweza kubaki zima wakati yaliyomo yameoza. Nakiri kwamba jaribio hili hugusa sehemu ndogo tu ya data, na sijawahi kulala nikiwa na uhakika kamili juu ya iliyobaki.

Jambo linalonisumbua zaidi ni usimbaji, yaani kuifunga data isisomeke bila nenosiri. Diski inayolala nje ya nyumba inapaswa kusimbwa, lakini nimeona familia ikiwa na diski nzima mkononi na nenosiri limekwenda kaburini na mwenyewe. Kwa sasa nawashauri waandike nenosiri kwenye karatasi na kumkabidhi mtu wasiyekaa naye nyumba moja, ingawa najua kwamba karatasi nayo huibwa.