Ukinyoosha mgongo, miwani unaivua?

Vijana wa miaka ishirini na kitu wananiuliza hili kila wiki: dokta, nikifanya mazoezi ya mkao, miwani ntaivua? Huivui. Kama huoni mbali, mara nyingi jicho lenyewe limerefuka kwenda nyuma, na hakuna zoezi la mgongo litakalolifupisha, anayekuahidi hivyo anakuuzia upepo.

Ila usiondoke bado. Mkao unayagusa macho kwa njia ya umbali. Simu ikiwa sentimita 40 jicho linatakiwa kuongeza nguvu kama diopta 2.5 (diopta ni kipimo cha nguvu ya lenzi), ukijikunja mpaka ikafika sentimita 20 inakuwa diopta 5, yaani mara mbili, na ule msuli mdogo unaoizunguka lenzi ya ndani ya jicho unabaki umekaza muda wote huo, ndo maana ukiinua kichwa ukaangalia mbali unaona ukungu kwanza halafu unaachia taratibu. Hapo watu wanapanik, wanadhani miwani imeisha nguvu.

Halafu kuna shingo. Kichwa kina kilo 4 mpaka 5 hivi, kikisogea mbele kinabebwa na misuli ya shingo, na ile midogo ya chini ya kisogo inafanya kazi kwa karibu sana na macho (weka vidole hapo, tuliza kichwa, peleka macho kulia na kushoto, wengi wanasikia kitu kinacheza). Maumivu ya hapo yanapanda mpaka nyuma ya jicho, mtu anakuja akilalamika macho, nayapima nakuta yako poa kabisa.

Kwa hiyo mazoezi ninayoyaamini ni ya kawaida tu. Rudisha kidevu nyuma mpaka utengeneze kidevu cha pili, sekunde 5, rudia mara 10. Ukisoma, weka ngumi chini ya kidevu na kiwiko mezani, kitabu kikae pale kiwiko kilipo, kisisogee karibu zaidi. Skrini ikae chini ya macho kidogo, ikiwa juu unakodoa na macho yanakauka haraka, hata mimi nilikosea hili miaka.

Lakini pima macho kwanza, maana wakati mwingine mambo yako kinyume. Kuna kijana alihangaika na mazoezi ya shingo miezi kadhaa bila nafuu, kumbe lenzi za miwani yake zilikuwa za zamani, alikuwa anaifuata skrini ili aone. Tulipozibadilisha akaegemea kiti mwenyewe, wala sikumwambia.