Land Cruiser iliyoinuliwa inatetema kwenye 90: tunayoambiana na yaliyo kweli

Ukishainua Land Cruiser 80 kwa inchi 3 au 4 na kuivalisha matairi ya inchi 35, mjini linatulia kabisa. Unapita Chalinze, mshale unagusa 90, usukani unaanza kutetema, au kiti, au sakafu nzima inavuma. Hapo kila mtu ana ushauri, na mwingi unaishia dukani.

"Matairi makubwa lazima yatetemeshe gari." Hapana. Tairi zito huikuza kasoro ndogo, lakini haliitengenezi. Ukiuzoea mtetemo, unaacha beringi, bushi (mipira ya viungo) na krosi (viungo vinavyokunjika vya propela shafti) ziliwe kimyakimya, na krosi ikikatika ukiwa kwenye mwendo, propela shafti, ule mhimili unaopeleka nguvu kwenye ekseli, inalala barabarani huku ikizunguka. Tafadhali usiuzoee.

"Balansi imefanyika, kwa hiyo si matairi." Hii ndiyo inayopoteza watu wengi. Mashine ya kawaida ya balansi huzungusha gurudumu likiwa hewani, bila uzito wa gari. Huona upande uliozidi uzito, lakini haioni tairi lililokosa uduara au lenye upande mgumu kuliko mwingine. Tairi hilo litasoma sufuri, na bado litaipiga lami kila mzunguko. Pandisha gurudumu kwa jeki, simamisha tofali karibu na uso wa tairi, kisha lizungushe kwa mkono. Mwanya ukipanuka na kufinyika, umeshaona. Wakati mwingine kulihamisha tairi nusu mzunguko juu ya rimu kunatosha.

Angalia pia kama tundu la katikati la rimu uliyonunua baadaye ni kubwa kuliko habu, kile kitovu ambacho gurudumu hufungwa. Hapo nati peke yake ndizo zinazoliweka gurudumu katikati, kwa hiyo zikazwe gurudumu likiwa hewani, kwa mtindo wa msalaba, kidogo kidogo. Na kabla ya yote hayo, osha ndani ya rimu! Tope jeusi la mbugani likikaukia upande mmoja linatosha kutikisa gari zima.

"Alaimenti itaondoa." Alaimenti hutibu gari linalovuta upande na tairi linaloliwa vibaya. Mtetemo unaopanda na mwendo hutoka kwenye kitu kinachozunguka.

"Funga dampa mpya ya usukani, ile inayotuliza mitikisiko yake." Ukipiga shimo na usukani ukaanza kurukaruka mikononi hadi upunguze mwendo sana, huo ni ugonjwa mwingine, wa magari yenye ekseli nzima mbele, yaani moja inayounganisha magurudumu yote mawili. Kagua bushi za fimbo inayoishikilia ekseli isiende pembeni, boli za usukani (viungo vya fimbo zake) na beringi za magoti ya ekseli. Dampa mpya huficha ulegevu huo kwa muda tu.

"Propela haikuguswa, kwa hiyo ni nzima." Haikuguswa, lakini pembe zake zilibadilika siku ile springi ndefu zilipofungwa. Na hapa kuna mtego. Kuinua gari hupunguza kasta, ule mlalo unaofanya usukani urudi katikati wenyewe, na fundi huirudisha kwa bushi maalumu. Kasta inapona, lakini ekseli imezungushwa: pua ya difu ya mbele (kisanduku cha gia katikati ya ekseli), pale propela inapofungwa, imeinamia chini, na krosi zinakunjwa zaidi. Usukani mzuri, sakafu inavuma.

Mdundo wenyewe hukuambia. Kwa kilomita 100 kwa saa, tairi la inchi 35 huzunguka kama mara 10 kwa sekunde. Propela, kwenye difu ya 4.1 (mizunguko 4.1 ya propela kwa mmoja wa gurudumu), huzunguka kama mara 41, na krosi iliyokunjwa vibaya hutetema mara mbili kila mzunguko, yaani zaidi ya mara 80. Kwa hiyo mtikiso mzito unaoyumbisha maji chupani ni wa gurudumu. Mvumo kama wa nyuki chini ya miguu ni wa propela, hasa ukibadilika unapokanyaga au kuachia mafuta.

Kama 80 yako ni ile inayovuta magurudumu manne muda wote, fungua uiondoe propela ya mbele, washa loki ya difu ya kati, kisha rudi barabarani kwa upole. Mvumo ukitoweka, acha kununua matairi: tafuta propela ya mbele yenye krosi pacha (mbili zilizoshikana) upande wa giaboksi, na pua ya difu ielekezwe sawa nayo.