"Wewe Si Ndiyo Mtaalamu?" Dhana Potofu Kuhusu Kujitengenezea Tovuti au Kumlipa Fundi

Mtwara pesa ina msimu wake. Minada ya korosho ikianza Oktoba na malipo yakaanza kuingia kwenye akaunti za wakulima, hata mimi ambaye sina shamba naanza kupigiwa simu. Wenye nyumba za wageni, wenye maduka ya vifaa vya ujenzi, wenye boti, wenye kumbi za harusi, wote wanataka tovuti kabla ya Krismasi. Na karibu wote huja na swali lilelile: nijitengenezee mwenyewe au nikulipe wewe? Swali lenyewe sina ugomvi nalo. Kinachonichosha ni imani zinazokuja zimelibeba, na mojawapo nimeisikia mara tatu wiki hii, ya mwisho jana jioni nikiwa nimeshavaa helmeti niende zangu nyumbani Chuno.

"Nikishalipa, kazi yangu imekwisha"

Hii ndiyo baba lao. Mazungumzo huenda hivi:

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nataka tovuti ya gesti yangu, iwe kama zile za hoteli kubwa za Dar."

"Sawa mama. Una vyumba vingapi?"

"Kumi na kimoja."

"Na bei?"

"Inategemea."

"Inategemea nini?"

"Aa, mwanangu, utaweka tu. Wewe si ndiyo mtaalamu?"

Mtaalamu wa nini, mama? Mimi najua kupanga ukurasa usomeke kwenye simu ndogo, najua kuunganisha domeini, yaani anwani ya tovuti, na seva, yaani kompyuta inayoihifadhi, najua kwa nini fomu yako haitumi ujumbe. Sijui kama chumba namba 4 kina AC au feni. Sijui kama mgeni aliyefika na basi alfajiri anafunguliwa mlango au anangoja mpaka saa nne. Mambo hayo unayajua wewe peke yako, na ndiyo tovuti yenyewe. Rangi na vitufe ni sanduku la kubebea.

Fundi asiyepewa maneno hujaza mapengo kwa anachokipata. Ataandika "Karibu kwenye tovuti yetu, sisi ni bora katika huduma," sentensi ambayo hakuna binadamu aliyewahi kuisoma akatoa pesa mfukoni. Kisha atachukua picha kwenye mtandao. Mwaka juzi niliitwa Mikindani kurekebisha tovuti ya gesti moja iliyojengwa na fundi mwingine. Ukurasa wa kwanza una ufukwe wa mchanga mweupe, minazi imeinama, maji kama kioo. Tumekaa barazani na mwenye gesti, laptopu juu ya meza ya plastiki, na mbele yetu iko ghuba ya Mikindani yenyewe: mikoko, tope la maji kupwa, mitumbwi imelala ubavu. Pazuri kweli, kwa anayepapenda. Ila wiki iliyotangulia mgeni alikuwa ameshuka kwenye bajaji, mkoba begani, akauliza bahari ya kwenye picha iko wapi. Akarudishiwa pesa ya usiku mmoja, akaondoka. Mama yule alimlaumu fundi. Nikamuuliza, "Ulimpa picha zako?" Kimya. Baadaye akasema alikuwa na shughuli nyingi.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo ninapowaudhi wateja. Kujitengenezea hakukuokoi. Ukifungua Wix au ukiweka WordPress mwenyewe, zote nyenzo za kujijengea tovuti, kitu cha kwanza utakachoulizwa ni maneno yaleyale na picha zilezile. Watu wengi hukwamia hapo, siku ya tatu, halafu wanasema kompyuta ni ngumu. Kompyuta haina kosa. Hukuwa umekaa chini kuijua biashara yako kwa maandishi.

Kwa hiyo kabla hujamtafuta fundi na kabla hujafungua akaunti yoyote, nunua daftari. Fungua WhatsApp ya biashara, rudi nyuma miezi mitatu, uandike kila swali uliloulizwa na wateja, kwa maneno yao. Bei gani? Mko upande gani wa Shangani? Kifungua kinywa kimo? Mna maegesho? Naweza kulipa kwa lipa namba? Mara nyingi utayakuta maswali kumi au kumi na mawili yanayojirudia. Yajibu, kila moja kwa mistari miwili mitatu. Hapo tovuti yako imekamilika kwa asilimia kubwa, na hujalipa hata senti. Nina wateja waliokataa zoezi hili. Hao siku hizi nawaandikia bei mara mbili, na siwafichi sababu.

Dhana hii ina mkia, na mkia wake ndio unaouma zaidi: kwamba ukishalipa, funguo abaki nazo fundi kwa sababu wewe "mambo hayo huyajui". Mfanyabiashara mmoja wa vifaa vya ujenzi hapa mjini alisajiliwa domeini ya .com kwa baruapepe ya fundi. Fundi akahamia Dodoma, akabadilisha laini. Mwaka ukaisha, notisi za kulipia zikawa zinaingia kwenye baruapepe ambayo mwenye duka hajawahi kuiona. Domeini ya .com isipolipiwa haipotei siku ileile. Msajili kwa kawaida hukupa muda wa nyongeza, kisha huja siku 30 za kuikomboa kwa faini inayouma, kisha siku 5 za kungoja kufutwa, baada ya hapo ni ya yeyote anayewahi. Mzee wa watu alikuja kwangu domeini ikiwa tayari ina mwenyewe mwingine, huko asikokujua. Na anwani ile alikuwa ameichora kwenye bango la duka, kwenye vitabu vya risiti, hadi ubavuni mwa gari la mizigo. Mpaka leo ukipita pale utaona bango lina mstari wa rangi nyeupe chini, mpya kuliko nyeupe nyingine. Ndipo ilipokuwa anwani.

Domeini isajiliwe kwa jina lako na kwa baruapepe unayoifungua wewe, iliyofungwa kwa namba yako ya simu. Hilo halihitaji usomi. Kwenye tovuti yenyewe uwe na akaunti ya msimamizi mkuu, yako, usiyogawana na fundi. Bakapu, yaani nakala ya akiba ya tovuti, upewe kila mwezi, uiweke kwenye flashi au popote unapopafikia. Fundi akisema "usijali kaka, hayo niachie mimi," hapo ndipo pa kuanza kujali. Domeini ya .co.tz kwa mwaka haifiki bei ya gunia la mchele; hakuna sababu ya kuacha mtu mwingine ailipie kwa jina lake.

"Kujitengenezea ni bure"

Ni bure mpaka mteja aanze kuangalia. Tovuti ya bure ya Wix hubeba tangazo la Wix na anwani iliyoning'inia chini ya jina lao. Ukitaka kuunganisha domeini yako unalipia. Sawa, ni biashara yao. Lakini nguo ya kuazima haisitiri matako. Wako waliotegemea vitovuti vya bure vilivyokuwa vinatengenezwa kupitia wasifu wa biashara wa Google, na Machi 2024 Google ikavifunga vyote. WordPress yenyewe, tangu ilipotoka 2003, programu ni ya bure kweli. Unacholipia ni domeini, mahali pa kuihifadhi, na jioni zako.

"Fundi akitumia WordPress amenidanganya"

Hapana. Zaidi ya tovuti nne katika kila kumi duniani zinaendeshwa nayo. Seremala hafyatui misumari yake mwenyewe. Ulizeni kama anasasisha plagini, yaani viprogramu vya nyongeza, maana plagini iliyoachwa bila kuguswa miaka miwili ndiyo mlango wa wezi.

"Kujitengenezea ni kwa waliosomea kompyuta"

Kuna kijana wa boti Kilwa Masoko, upande wa Lindi, anavusha wageni kwenda Kilwa Kisiwani kuona magofu, yale yaliyoingia kwenye Urithi wa Dunia mwaka 1981 pamoja na Songo Mnara. Alinipigia kuuliza bei, nikamtajia, akacheka, akakata simu. Mwezi uliofuata akanitumia linki. Ukurasa mmoja tu, herufi kubwa, rangi ya bluu isiyopendeza hata kidogo. Lakini ameandika bei ya boti nzima na bei ya kichwa, kibali cha kuingia magofuni kinapatikana wapi, maji yakiwa kupwa mtapanda boti kutokea upande gani, na mje na viatu gani. Hakuna alichosahau. Mimi ningemtengenezea kitu cha kupendeza na ningesahau habari ya viatu. Nilimwambia abadilishe ile bluu. Hajabadilisha, na wageni wanamjia.

Ila huyo ana ukurasa mmoja na bei zisizobadilika. Ukitaka watu wachague tarehe, waone chumba kipi kiko wazi na walipe hapohapo kwa simu, usijaribu mwenyewe. Hapo kuna pesa za watu na taarifa zao, na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 haibagui gesti ndogo na hoteli kubwa.

"Kufuli ya kwenye kivinjari inalipiwa kila mwaka"

Nani kawaambia? Tangu mwishoni mwa 2015 Let's Encrypt wanatoa bure cheti cha usalama kinacholeta kufuli hiyo, na seva iliyopangwa vizuri hukihuisha yenyewe kila muda wake ukiisha. Tangu Julai 2018 Chrome huiandika tovuti isiyo nacho kuwa si salama, kwa hiyo lazima uwe nacho. Kukulipisha laki kwa ajili yake ni jambo lingine. Na kufuli haimaanishi mwenye tovuti ni mwaminifu. Matapeli nao wanayo.

"Picha zikiwa kubwa ndiyo zinaonekana vizuri"

Simu za siku hizi hupiga picha ya MB 3 hadi 5. Weka kumi ukurasa mmoja, mtu wa Msimbati anayetumia bando la siku umemmalizia MB 40 kabla hajaona bei. Punguza upana uwe pikseli 1,600, picha nyingi zitashuka chini ya KB 300, na jicho halitagundua.

"Tovuti ikizima, fundi ndiye mbaya"

Mei 12, 2024, nyaya za chini ya bahari zilipokatika na intaneti ikasuasua nchi nzima, nilipokea simu kutwa. Ilikuwa Jumapili. Mmoja alitaka kurudishiwa pesa.

"Kila biashara lazima iwe na tovuti"

Anayeuza samaki sokoni na kumaliza kabla ya adhuhuri haihitaji, na wengi wanaonijia nawarudisha na kitu kidogo: wasifu wa biashara kwenye Google, bure, wenye ramani sahihi na saa za kufungua, na WhatsApp ya biashara yenye orodha ya bidhaa. Wenzangu wa kazi wananiona mjinga. Wateja hao hurudi baada ya mwaka, na daftari.

"Siku hizi akili mnemba inaandika yote"

Inaandika, tena haraka. Juzi kijana mmoja aliniletea maandishi ya nyumba ya wageni ya baba yake iliyoko Magomeni, hapa mjini, yamenyooka hayana kosa la herufi. Mstari wa tatu unasema mgeni ataamka akitazama milima. Nikamuuliza, milima ipi? Akayasoma tena, akatazama nje dirishani, akasema labda ile ya Newala.