Una 4x4 na unataka kusaidia wakati wa dharura? Subiri uitwe kwanza

Tumefungua tena usajili wa madereva wa kujitolea wenye magari ya 4x4, na kama kawaida kabla fomu hazijaanza kurudi malalamiko yameshatangulia: tulikuja kusaidia mkaturudisha, tumejiandikisha hatujawahi kuitwa, mnatuuliza mambo ya bima utadhani tunaomba mkopo. Nayasikia. Wengi wenu mna nia safi kabisa, na sisi watu wa kuratibu dharura hatuna magari ya kutosha ya kuingia kwenye matope, maji au theluji na sidhani kama tutakuja kuwa nayo, kwa hiyo tusielewane vibaya, tunawahitaji. Ila tunawahitaji mkiwa kwenye orodha, mmeshapangiwa kazi, na kuna mtu ofisini anajua uko wapi na umebeba nini. Gari iliyojileta yenyewe, hata iwe kali namna gani, kwetu ni watu wengine wa kuwatafuta mambo yakiharibika.

Kwanza hili la uokoaji tuliondoe. Kumtoa mtu kwenye maji yanayotembea ni kazi ya watu wenye boti, jaketi okozi, kamba na mafunzo, na hata wao wakipata njia nyingine wanaikwepa. Wewe tutakupa kazi ambayo hakuna atakayekupiga picha ukiifanya: kumchukua nesi kwake usiku umpeleke kwenye zamu, kumpeleka mgonjwa wa figo akasafishwe damu (wengi wanaenda mara 3 kwa wiki na hii sio kitu cha kusema ataenda barabara ikikauka), kupeleka dawa, kumfikisha fundi kwenye mnara wa simu uliozimika, kumtembelea mzee anayeishi peke yake. Mwishoni mwa Februari na mwanzoni mwa Machi 2018 Uingereza ilipopigwa na theluji nzito, madereva wa kujitolea wenye 4x4 walishinda na kukesha wanapeleka madaktari na manesi hospitalini na kuwarudisha. Ndiyo hivyo, teksi ya bure yenye matairi mazuri. Kama hiyo kazi unaiona ndogo basi nakuomba kabisa usijaze fomu, utatuchosha na sisi tutakuchosha.

Halafu kila nikisema hivi kuna mtu ananitajia Houston, Agosti 2017, kimbunga Harvey, kwamba raia walikuja na maboti yao na magari marefu wakaokoa watu bila kuomba ruhusa ya mtu. Sawa, waliokoa watu wengi na heshima yao wapewe. Lakini mkumbuke pia kwamba viongozi wa kule walijitokeza hadharani wakaomba wenye boti waje, yaani waliitwa, na wengi walikuwa wanapangana kwa programu ya simu inayofanya kazi kama redio kolu, sio kila mtu na lake. Na kwenye mafuriko hayohayo kuna boti ya watu waliotoka kusaidia majirani ilisukumwa na mkondo mpaka kwenye nyaya za umeme na baadhi yao wakafa. Hilo huwa halitajwi.

Sasa maji, maana hapa ndipo ninapogombana na watu zaidi. Maji yanayotembea yenye kina cha sentimita 15 yanaweza kumwangusha mtu mzima. Sentimita 30 zinatosha kubeba gari nyingi ndogo. Sentimita 60 zinabeba magari mengi yaliyobaki, na hapo ndani zimo pikapu na hizo 4x4 zenu. Watu wanabisha, "gari yangu ina tani 2, maji ya magotini yataifanya nini?" Ngoja nieleze taratibu. Kila maji yanapopanda sentimita 30 ubavuni mwa gari, gari inasukuma pembeni maji ya kama kilo 680, na kiasi hichohicho kinapungua kwenye uzito unaokandamiza matairi chini, kwa hiyo maji yakifika sentimita 60 ile tani 2 yako imebaki na kilo mia sita na kitu za kushikia barabara, na wakati huohuo mkondo unakusukuma kutoka pembeni, na mkondo ukiongeza kasi mara 2 nguvu yake inaongezeka mara 4. Difu loki, ile inayofunga matairi yazunguke pamoja, haisaidii kitu hapo. Tairi isiyo na uzito juu yake haina cha kukamata.

Na snokeli, lile bomba la hewa linalopandishwa juu kando ya kioo, jamani. Snokeli inapandisha mdomo wa kuvutia hewa, basi, imeishia hapo. Milango yako, waya zako, boksi za umeme, vipumulio vya difu na giaboksi viko palepale vilipokuwa, na gari inaelea vilevile. Faida yake ni kwamba injini haitavuta maji haraka, na hilo ni kubwa kwa sababu maji hayagandamiziki kama hewa, yakiingia kwenye silinda pistoni inapanda inagonga ukuta na konrodi inapinda, injini imekwisha. Lakini wenye snokeli ndio tunaowakuta katikati ya mto, kwa sababu waliona wameruhusiwa.

Kingine wasichokiona wengi ni chini ya hayo maji. Mifuniko ya chemba huwa inanyanyuliwa na maji na kusogezwa, lami inaliwa kwa chini huku juu inaonekana nzima, na ile barabara unayosema unaijua hata ukifumba macho ni ya jana. Sheria yetu kwa aliyesajiliwa ni fupi: maji yanayotembea huingii, maji yaliyosimama ambayo huoni chini huingii mpaka mtu wa zamu akuambie njia hiyo imekaguliwa. Usimshushe mwenzako akapime kwa miguu, si tumeshasema sentimita 15 zinamwangusha mtu? Ukiruhusiwa kupita, nenda polepole sana, maana lile wimbi unalolitengeneza ukipita kwa mbwembwe linaingia sebuleni kwa watu ambao usiku kucha wamejipangia mifuko ya mchanga mlangoni. Malalamiko mengi tunayopata kuhusu 4x4 sio ya waliokwama, ni ya hilo wimbi.

Kibao cha barabara imefungwa kinakuhusu na wewe pia. Kujitolea hakukupi haki yoyote barabarani, narudia, yoyote: spidi ni ileile, mkanda ni uleule, taa nyekundu unasimama. King'ora na taa za bluu au nyekundu za kuwaka na kuzima ni za vyombo vilivyotajwa kwenye sheria, na ukizifunga kwenye gari binafsi unaweza kupigwa faini au kufikishwa mahakamani kutegemea sheria ya nchi yako, na kwetu jina linafutwa siku hiyohiyo bila kikao. Taa ya njano ya tahadhari nayo usiifunge mpaka ujue sheria ya ulipo inasemaje. Fulana tutakayokupa inavaliwa ukiwa kazini tu na ukikutwa umeivaa ili upite kizuizi ukaone nyumba ya shemeji yako imefikwa na nini, hilo linahesabika ni kujifanya mtumishi na linaenda polisi, sio kwetu. Askari akikwambia geuza, geuza, hata kama una karatasi yetu mkononi, halafu tupigie sisi tuongee naye.

Usajili wenyewe uko hivi. Unajaza fomu, unaambatanisha nakala ya leseni ya udereva ya daraja linalolingana na gari, kadi ya gari, kitambulisho, na kama gari sio yako barua ya mwenye gari yenye sahihi, sio ujumbe wa simu wa "mwambie achukue tu". Halafu inakuja bima, na hapa fomu nyingi ndipo zinaporudi. Bima nyingi za magari binafsi zimeandikwa kwa matumizi ya nyumbani na kwenda kazini, na kampuni inaweza kusema kubeba wagonjwa au dawa kwa maelekezo ya taasisi sio matumizi hayo, na ukirudishiwa hela ya mafuta wengine wanahesabu umebeba abiria kwa malipo. Hata bima kubwa haikuhakikishii kitu kama matumizi hayakutajwa. Kwa hiyo andikia kampuni yako, eleza utafanya nini, nani atakuelekeza, utarudishiwa mafuta au la, na utuletee jibu lao la maandishi. La mdomo hatupokei. Pia uwataje winchi, snokeli, matairi makubwa na springi ulizonyanyulia gari, maana mabadiliko yasiyotajwa ni sababu rahisi kabisa ya kunyimwa fidia, na siku umegonga ukuta wa mtu huku umembeba nesi hutapenda kusikia hiyo habari kwa mara ya kwanza.

Baada ya hapo tunakagua gari. Hatuangalii rangi wala stika. Tunaangalia breki, matairi, taa, mikanda ya viti vyote, sehemu za kuvutia gari mbele na nyuma ziwe zimefungwa kwenye chesisi. Kile kichwa cha mviringo cha kufungia trela sio sehemu ya kuvutia gari iliyokwama na anayekitumia hivyo hapiti. Kikikatika wakati kamba imekaza kinaruka kama risasi, kinapita kioo, na kuna watu wamekufa hivyo. Kamba ya kunyumbuka, ya nailoni, inavutika mpaka karibu theluthi ya urefu wake kisha inarudi, ndiyo maana inanasua gari vizuri na ndiyo maana hakuna mtu anayeruhusiwa kusimama karibu nayo. Usiichanganye na mkanda wa kawaida wa kukokotea. Na kwa kawaida hatutakutuma ukavute magari ya watu, ukikuta lililokwama toa taarifa uendelee na safari uliyopewa, kwa sababu ukiling'oa bampa la mtu ni wewe na yeye, sisi hatumo.

Siku ya kuitwa utapata ujumbe. Jibu unaweza au huwezi, yote mawili ni majibu mazuri, kinachotuumiza ni kimya, au yule anayejibu naweza halafu anaanza kutafuta mafuta. Tenki lisiwe chini ya nusu msimu wote wa hatari. Mnakuwa wawili kwenye gari, mmoja anaendesha na mwingine anashika simu, redio na daftari. Unapoondoka unataja namba yako, watu mliomo, unakoenda, saa unayotarajia kufika. Ukifika unataja. Ukiondoka unataja. Ukichelewa unataja kabla hatujakuuliza. Watu wanaona ni usumbufu, ila hizo taarifa ndizo zinazotuambia tuanze kukutafuta wapi kama mlima umeshuka na mtandao umekata.

Dawa zikikabidhiwa kwako sahihi na saa vinaandikwa pande zote mbili. Insulini inatunzwa kati ya nyuzi 2 na 8, isigande wala isipigwe na hita, kwa hiyo boksi haliwekwi kwenye dashibodi na halifunguliwi "kuhakikisha". Mgonjwa hapigwi picha, nyumba yake haipigwi picha, anwani yake haiingii kwenye grupu lolote la simu. Tumeshaondoa watu kwa hili, wengine madereva wazuri sana.

Ukisimama kusubiri kwenye theluji au matope huku injini inanguruma, shuka uangalie ekzosi haijazibwa. Moshi wa kaboni monoksaidi hauna rangi wala harufu, na wengi wanaokufa nao walidhani wamesinzia tu. Na kusinzia kwenyewe: kukaa macho saa 17 mfululizo kunamharibu dereva karibu sawa na pombe ya asilimia 0.05 kwenye damu, kiwango ambacho nchi nyingi zimekiweka kuwa kikomo cha kisheria. Kwa hiyo ukiwa umetoka kazini kwako jioni halafu ukaitwa usiku, sema. Mratibu akikwambia nenda kalale sio kwamba amekudharau, na tafadhali usimpigie bosi wake.

Mkirudi mnataja kwa redio au simu kwamba safari imeisha, mnarudisha fulana na karatasi, unaosha gari kwa chini na unaangalia oili ya injini na ya difu. Ikiwa nyeupe kama maziwa maji yameingia, usiendeshe, toa taarifa. Uharibifu wowote unaandikwa ndani ya saa 24, ukiambatanisha picha na namba ya safari, na ukileta baada ya hapo fomu inapokelewa ila haitashughulikiwa. Usajili unadumu mwaka mmoja. Bima au leseni ikiisha katikati, jina linashushwa kwenye orodha mpaka ulete mpya, na hapo huitwi hata kama gari yako ndiyo pekee iliyobaki inayotembea.