Yai limeonewa, ila dawa yako ya kolestro usiitupe

Mimi ni daktari wa moyo na kliniki nasikia sana hii, "dokta mimi mayai nilishaacha zamani", mtu anasema kwa kujiamini kabisa, ukimuuliza asubuhi chai anashushia na nini anakwambia chapati za mafuta ya mgando, mchana chipsi za mafuta yaliyorudiwa, na chumvi anaongeza kabla hata hajaonja. Presha hajapima mwaka mzima. Ila yai kaacha! Inaniuma kwa sababu hakujitungia, kaambiwa na watu wa afya.

Hofu hii, kwamba kolestro (aina ya mafuta) iliyoko kwenye yai inaziba mishipa ya moyo, imetoka mbali. Mwaka 1913 huko St. Petersburg, Urusi, mtafiti Nikolai Anitschkow aliwalisha sungura kolestro iliyoyeyushwa kwenye mafuta ya alizeti, mishipa yao ikaharibika. Kazi kubwa, sikatai, lakini sungura anakula majani, mwili wake haujaumbwa kupokea kolestro ya chakula. Sisi kolestro nyingi iliyoko kwenye damu tunaitengeneza wenyewe, ini likiongoza, na wengi wetu tukila nyingi mwili unapunguza ya kwake. Pamoja na hayo mwaka 1968 American Heart Association, chama cha moyo cha Marekani, wakashauri kolestro ya chakula isizidi miligramu 300 kwa siku na viini vya mayai visizidi vitatu kwa wiki, kiini kimoja kina kama miligramu 186. Hicho kikomo cha 300 Wamarekani wakaja kukitoa kwenye mwongozo wao wa chakula wa 2015, yaani miaka karibu hamsini watu wanaliogopa yai.

Na wakati huo wote wengi walikimbilia majarini na mafuta ya mgando wakidhani wanalinda moyo. Mafuta ya mimea yakigandishwa nusu kiwandani yanazaa mafuta ya transi, na mwaka 1990 watafiti Mensink na Katan wa Uholanzi walionyesha kwamba hayo yanapandisha LDL, kolestro mbaya, halafu yanashusha ile nzuri, HDL. WHO mwaka 2018 ikazitaka nchi zote ziyaondoe. Kwa hiyo ukishika kopo dukani soma pale nyuma, ukikuta mafuta yameandikwa yamegandishwa kwa haidrojeni, rudisha.

Sasa kuna wanaosikia haya wanaruka upande wa pili, kwamba basi kolestro yote ni uongo wa makampuni ya dawa. Hapo nabisha kwa nguvu zote. Yai kusingiziwa hakumaanishi LDL haina hatia, ikikaa juu miaka na miaka inaziba mishipa. Utafiti wa Skandinavia uliotoka 1994 ulikuwa na wagonjwa wa moyo 4,444, waliopewa simvastatini, dawa ya kushusha kolestro, vifo vilipungua kwa asilimia 30 hivi ukilinganisha na waliopewa vidonge visivyo na dawa. Nimeona watu wanaacha vidonge kwa sababu ya video ya dakika mbili ya WhatsApp, wanarudi wamebebwa.

Kama baba au kaka yako alipata shambulio la moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65, nenda kapime kolestro hata kama ni mwembamba na unajisikia mzima, maana ipo ya kurithi, na hiyo hata ule mchicha mtupu haishuki vya kutosha bila dawa. Mwenye kisukari kuhusu mayai aongee kwanza na daktari wake. Na ukifika pale kliniki omba wakupime na presha.