Mstari umefutika, kibao kimeinama: dhana potofu na ukweli kuhusu marufuku ya kuegesha gari Mombasa

Kisiwani rangi ya barabarani haidumu. Hewa ya chumvi, jua na mchanga unaosagwa na magurudumu huimaliza mapema, na lami ikitandikwa upya mistari huzikwa chini yake. Ndiyo maana dereva anayetafuta nafasi kando ya Moi Avenue, Digo Road au Nkrumah Road anaweza kukuta nusu ya mstari, kibao kilichogeuzwa na lori, au nguzo iliyosimama bila kibao. Gari likifungwa klampu, yaani pingu ya chuma ya gurudumu, ubishi unaanza. Dereva anasema hakuna alama, hakuna kosa. Askari wa kaunti anasema ulipaswa kujua. Wote wawili wanaichukulia alama kana kwamba ndiyo sheria yenyewe, ilhali alama ni tangazo tu: sheria imeandikwa mahali pengine, nayo alama huwekwa ili dereva apate habari yake.

Dhana: Alama ikiwa na kasoro, adhabu inabatilika yenyewe.

Hii ndiyo dhana inayowagharimu watu zaidi, na nguvu yake kubwa hutoka kwenye video za Uingereza zinazosambazwa kwenye simu. Mtu anaonyesha mstari wa njano uliokatika, anapima kwa futi, kisha anatangaza kwamba faini imekufa. Hata huko kwao mambo si hivyo. Kanuni za Uingereza za mwaka 1996 zinaitaka mamlaka iweke alama zinazotosha kumfahamisha dereva kuhusu marufuku. Lakini mwaka 2011, katika kesi ya Herron iliyohusu maegesho ya mji wa Sunderland, Mahakama ya Rufani ilikataa hoja kwamba kasoro za mistari ndani ya eneo la maegesho zinalibatilisha eneo zima. Kilichotazamwa ni kama alama, kwa jumla yake, zilimpa dereva habari ya kutosha. Uamuzi wa aina hiyo haumfungi hakimu wa Mombasa, ingawa wakili anaweza kuutaja kumshawishi.

Hapa Kenya, ukitaka kujua unasimama wapi, jiulize maswali mawili kwa mpangilio huu. Kwanza: je, kuna sheria halali nyuma ya marufuku hii? Pili: je, dereva makini, akiwa nyuma ya usukani na kwa mwendo wa kawaida, angeitambua marufuku hiyo mahali pale na saa ile? Likianguka la kwanza, kaunti haina miguu ya kusimamia. Likianguka la pili, unao utetezi, lakini lazima uuthibitishe.

Utetezi wenyewe uko kwenye Kanuni ya Adhabu, Sura ya 63, na watu huuchanganya. Kifungu cha 7 kinasema kutoijua sheria si udhuru. Kwa hiyo kusema "sikujua kwamba Mombasa hairuhusiwi kuegesha hapa" hakukusaidii. Kifungu cha 10 ni kingine kabisa: mtu aliyetenda kwa imani ya kweli na ya busara, lakini yenye makosa, kuhusu hali ya mambo, hahukumiwi zaidi ya vile angehukumiwa kama mambo yangekuwa jinsi alivyoamini. Kibao kilichogeuka kikatazama ukuta, au mstari uliofutika kwa mita 20 mbele na nyuma ya gari lako, kinakuweka kwenye kifungu cha 10. Neno zito hapo ni "ya busara". Ikiwa kibao cha pili, kizima, kiko hatua kumi mbele, hakimu atauliza kwa nini hukukiona.

Kasoro ndogo za maandishi hazina uzito. Karatasi ya klampu iliyokosea herufi ya jina la barabara haifi kwa sababu hiyo. Sheria ya Ufafanuzi, Sura ya 2, kifungu cha 72, inasema fomu iliyopotoka kidogo inabaki halali mradi kiini chake hakijabadilika na haikukusudiwa kupotosha. Ikikosea nambari ya gari au tarehe, hapo imegusa kiini, na inafaa kubishaniwa.

Dhana: Penye rangi pana marufuku.

Rangi haitungi sheria. Katiba ya 2010, Jedwali la Nne, inaipa kaunti kazi ya kusimamia uchukuzi wa kaunti, zikiwemo trafiki na maegesho. Lakini kifungu cha 199 kinasema sheria ya kaunti haianzi kufanya kazi mpaka ichapishwe kwenye gazeti rasmi, na kifungu cha 210 kinakataza kodi au ada ya leseni isiyotokana na sheria. Kaunti ikitoza ada ya maegesho au ya kufungulia klampu, lazima iweze kukuonyesha sheria ya fedha ya mwaka husika au sheria nyingine iliyopitishwa na bunge la kaunti, na kiwango chenyewe kiwe kimeandikwa humo. Mstari uliopigwa usiku mmoja kwa agizo la mdomo hauna nguvu hiyo.

Wenye maduka na hoteli ndio wanaoizidisha dhana hii. Matairi yaliyojazwa simiti, mapipa ya plastiki, mawe yaliyopakwa chokaa, bao la "wateja tu" lililosimamishwa juu ya lami: kama hapo ni barabara ya umma, hakuna mtu binafsi mwenye uwezo wa kujikatia kipande chake. Vitu hivyo vyenyewe ndivyo vizuizi. Usivisogeze kwa ugomvi. Vipige picha, uripoti. Mambo hubadilika ukiingia uwanja wa kibinafsi, mathalani ua wa jengo la maduka, kwa sababu pale unaegesha kwa masharti ya mwenyewe, na kibao cha langoni ndicho mkataba.

Ukingo wa barabara uliopakwa nyeusi na nyeupe nao husomwa vibaya. Rangi hiyo huwekwa ili ukingo uonekane usiku. Peke yake haikatazi kuegesha.

Dhana: Pasipo kibao pana ruhusa.

Yako makatazo yasiyohitaji kibao wala mstari. Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, kifungu cha 53, inakataza kuliacha gari barabarani kwa namna inayozuia wengine au kuwasumbua. Chini ya kanuni za makosa madogo ya trafiki za mwaka 2016, kosa hilo ni shilingi 10,000. Kutotii alama ya barabarani ni shilingi 3,000, na kuendesha juu ya njia ya waendao kwa miguu ni 5,000. Linganisha tarakimu hizo: dereva anayeshinda hoja ya kibao kilichofifia anaweza bado kupatikana na kosa kubwa zaidi la kuzuia njia.

Kwa hiyo kabla ya kubisha kuhusu alama, tazama gari lilisimama wapi. Pembeni kabisa ya makutano, juu ya kivuko cha waendao kwa miguu, mbele ya lango la watu, juu ya njia ya miguu, au mahali ambapo matatu hushusha abiria, hoja ya alama haikufai. Mji wa Kale unahitaji tahadhari zaidi. Ndia Kuu na vichochoro vinavyoizunguka vilikuwepo kabla ya magari, na gari moja lililoegeshwa vibaya humzuia mwenye mkokoteni, tuktuk na hata gari la wagonjwa. Pale hata bila rangi tone moja unaweza kushtakiwa, na kwa maoni yetu ni haki.

Dhana: Karani wa maegesho hakunifikia, kwa hiyo sidaiwi.

Unadaiwa. Ada inatokana na kutumia nafasi iliyotengwa. Kinachowaangusha wengi ni tarakimu: kuandika herufi O mahali pa sifuri, au 8 mahali pa B, kwenye nambari ya gari wakati wa kulipa kwa simu. Mfumo unapokea pesa lakini gari lako linaonekana halijalipiwa. Soma ujumbe wa uthibitisho kabla ya kuondoka, na uuhifadhi. Ukikuta kosa, onyesha ujumbe wa M-Pesa wenye saa. Malipo ya saa 3:10 asubuhi dhidi ya klampu ya saa 4:00 hujieleza.

Dhana: Gurudumu likivuka mstari, huna hoja.

Inategemea nafasi yenyewe ilichorwaje. Toyota Probox ina upana wa mita 1.69 hivi na urefu wa mita 4.2, Hiace ya matatu inakaribia mita 4.7. Chukua futi ya fundi upime kutoka katikati ya mstari mmoja hadi katikati ya mwingine. Nafasi isiyotosha Probox na mlango wake kufunguka haikuchorwa kwa ajili ya gari, na ukiwa na kipimo kwenye picha hoja yako ina uzito. Mahali ambapo mistari ya zamani na mipya imepishana, piga picha zote mbili. Gari lililo sawasawa ndani ya mistari ya zamani inayoonekana bado ni mfano mzuri wa imani ya busara.

Dhana: Klampu ikiwa ya haramu, unaweza kuikata.

Usiikate. Kuharibu mali ya mwingine kwa makusudi ni kosa chini ya kifungu cha 339 cha Kanuni ya Adhabu, na kesi ya shilingi chache za maegesho inageuka kesi ya jinai ambayo wewe ndiwe mshtakiwa.

Badala yake, tumia dakika kumi kukusanya ushahidi kabla ya kulipa, kwa sababu gari likishaondoka hapo picha zako hazithibitishi kitu. Anza na video moja isiyokatwa: tembea kutoka mita 50 nyuma ya gari hadi mita 50 mbele yake, upande uliokuja nao, simu ikiwa kwenye kimo cha macho ya dereva aliyeketi. Hakimu anataka kuona ulichokiona wewe, wala si kile anachokiona mtu aliyepanda juu ya kiti. Kisha picha za kutulia: gari pamoja na jengo linalotambulika, kila gurudumu na mstari ulio karibu, miisho yote miwili ya mstari, kibao kwa mbele na kwa ubavu, matawi au bango la biashara linalokifunika, karatasi ya klampu ikisomeka. Kama ilikuwa usiku, rudi usiku uleule au wa pili yake upige bila mwanga wa ziada. Usichelewe. Rangi hupakwa upya, na baada ya hapo hoja nzima imezikwa.

Dhana: Ukilipa umeshakubali kosa.

Si lazima. Lipa kupitia njia rasmi pekee, dai risiti, kisha papo hapo tuma ujumbe au barua pepe yenye sentensi hii: "Nimelipa kwa pingamizi ili gari langu liachiliwe, sikubali kwamba nimevunja sheria, na nahifadhi haki ya kudai nirudishiwe." Mkononi mwa mtu, bila risiti, usitoe hata shilingi moja. Utakuwa umepoteza pesa na ushahidi kwa pamoja.

Hatua inayofuata ni barua kwa afisa mkuu wa idara ya kaunti inayosimamia uchukuzi. Iwe fupi: nambari ya gari, mahali, tarehe na saa, kasoro ya alama kwa sentensi mbili au tatu, picha, nakala ya risiti, na ombi la kurudishiwa kiasi fulani. Ndani ya barua hiyohiyo omba mambo manne: kifungu cha sheria kilichotumika, nakala ya tangazo lililochapishwa, ramani au mchoro wa eneo la marufuku, na tarehe ya mwisho alama zilipopakwa. Itaje Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Inaruhusu ombi liandikwe kwa Kiswahili, na inaipa ofisi ya umma siku 21 kujibu. Ukinyimwa, unayo nafasi ya kwenda kwa Tume ya Haki ya Utawala ndani ya siku 30. Ramani isipopatikana, swali la kwanza kati ya yale mawili limeanza kujijibu.

Wengi huruka hatua hii wakakimbilia mahakamani, na hapo huteleza. Sheria ya Hatua za Haki za Utawala ya 2015 inataka umalize kwanza njia za rufaa zilizo ndani ya ofisi yenyewe kabla mahakama haijapitia uamuzi wake. Barua iliyopigwa muhuri wa kupokelewa ndiyo ithibati yako.

Ukishtakiwa, mzigo wa kuthibitisha uko kwa upande wa mashtaka, na Katiba, kifungu cha 50, inakupa haki ya kuuona ushahidi wao mapema. Mahakama za chini husikiza kwa Kiingereza au Kiswahili, kwa hiyo uliza maswali yako kwa lugha unayoimudu. Muulize shahidi alama iko umbali gani kutoka kwenye gari, aliikagua lini mara ya mwisho, na kama alipiga picha yake siku ile. Picha ya klampu bila picha ya alama huwaacha na pengo.

Na kama gari liliharibiwa likivutwa, bampa likapasuka au giaboksi ikaumia kwa sababu magurudumu ya kuendeshea yaliburutwa, hilo ni dai tofauti lisilotegemea kama marufuku ilikuwa halali. Pata tathmini ya fundi kwa maandishi kabla ya kutengeneza chochote. Mahakama ya Madai Madogo hushughulikia uharibifu wa mali hadi shilingi 1,000,000. Usikawie: madai ya namna hii dhidi ya mamlaka za umma yana ukomo wa miezi 12 tangu siku ya tukio, na miezi uliyoitumia kungoja jibu la barua inahesabiwa humo.